Vifungo vya Mama Mkubwa

Kila alipotoka shule, Chapuchapu alitupa mkoba kitandani, akanawa mikono na kuketi karibu na cherehani ya mama yake mkubwa. Jina hilo la utani alipewa kwa kuwa alifanya kila jambo mbiombio, hata kulala. Siku hizo cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Mama mkubwa, fundi aliyewashonea sare nusu ya watoto wa mtaa, alikuwa amepatwa na kiharusi. Mkono wake wa kulia ulilala pajani, hausikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Mtaalamu wa viungo hospitalini alimpa zoezi: aokote vifungo kutoka kwenye bakuli, kimoja kimoja, kwa mkono ule mgonjwa, avitie kwenye kopo. Lilionekana zoezi la kitoto, lakini lilimtoa jasho. Vidole vilitetemeka, kifungo kikaponyoka, akauma midomo. Chapuchapu hakuweza kuvumilia.

"Pumzika, Mama Mkubwa. Vilivyobaki niachie mimi."

"Na daktari akiuliza?"

"Si kopo litakuwa limejaa? Atauliza nini tena?"

Mama mkubwa alicheka kwa uchovu, akamwachia. Kufumba na kufumbua, kopo likajaa. Ikawa ndiyo desturi yao, na Chapuchapu alijiona mtoto mwema kweli kweli.

Siku ya kurudi hospitali, mtaalamu alimwomba mama mkubwa ashike kalamu. Ikaanguka. Akajaribu tena, ikaanguka tena.

"Mazoezi mnafanya?"

"Kila siku. Kopo linajaa," alijibu mama mkubwa, macho sakafuni.

"Basi nashangaa. Kama mazoezi yote hayo hayajasaidia, huenda mkono umefika mwisho wake. Ushonaji, dada yangu, itabidi uuage."

Chozi lilimdondoka mama mkubwa. Hata siku alipougua, Chapuchapu hakumwona akilia. Moyo ulimuuma, na maneno yakamtoka kabla hajayapanga.

"Ni mimi, Daktari! Nilikuwa naokota mimi. Nilimwonea huruma."

Mtaalamu akacheka. "Kumbe! Basi ubongo uliofanya mazoezi ni wako."

Akachukua mfano wa ubongo wa plastiki kutoka kwenye rafu, akamwekea kiganjani.

"Mkono wa mama yako wenyewe hauumwi. Palipoumia ni hapa, upande wa kushoto, ambao ndio unaotawala mkono wa kulia. Damu ilipokosekana, seli za hapa zilikufa, na hazifufuki. Lakini jirani zake wako hai. Kila anapojaribu kushika kifungo, amri inatoka kwenye ubongo, inashuka kwenye uti wa mgongo, inapita kwenye neva hadi vidoleni. Vidole navyo vinarudisha habari. Akirudia na kurudia, seli jirani zinajifunza kazi ya zile zilizokufa."

"Hata kifungo kikiponyoka?"

"Hata kikiponyoka. Ubongo unajifunza kwa kukosea pia."

Chapuchapu aliutazama ule mfano kwa heshima, asiamini kwamba kitu kinachoenea kiganjani kinaweza kazi kubwa namna hiyo. Kumbe kichwani mwa mama mkubwa walikuwamo wanagenzi wakingoja kufundishwa, naye alikuwa akiwafungia mlango!

Tangu siku hiyo, wakati wa zoezi aliikalia mikono yake mwenyewe. Mama mkubwa alitoka jasho, akavitukana vifungo, akapumzika, akaanza upya. Wiki zikapita, miezi ikafuata. Chapuchapu alizidi kumstaajabia, maana hakujua kuokota kifungo kunahitaji ushujaa.

Alasiri moja kifungo kilibingirika hadi chini ya cherehani. Chapuchapu akaruka.

"Keti!" alisema mama mkubwa. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na anayekitaka ni mimi."

Akainama, akapapasa, akakibana kwa vidole viwili vya mkono wa kulia. Akakiinua polepole hadi usawa wa macho. Hakikuanguka. Kisha, kwa mkono huohuo, akaivuta ile shuka iliyofunika cherehani.

"Mwanangu," alisema, "huruma yako ilikuwa ya kweli, ila kopo letu lilikuwa la uongo, na uongo ule nusura uninyime mkono. Ukimpenda mtu, kaa naye anapohangaika, lakini usimnyang'anye kazi inayomponya. Haya, nipe uzi."

Chapuchapu akampa uzi. Sindano hakuigusa.