Kichwa Kikavu

Jumamosi saa nne asubuhi bwawa la mtaa wa kaskazini mwa Winnipeg lilikuwa limejaa wazazi, na Larisa Boychuk aliwadharau wote sawasawa, bila upendeleo. Alimdharau baba aliyeingia majini na saa ya kupima mapigo ya moyo huku mwanawe amembana kwapani kama gazeti. Alimdharau mama aliyempachika mtoto maboya mikononi, kiunoni na mgongoni mpaka kitoto kikafanana na kifurushi cha vyombo vya udongo. Miaka tisa alikuwa akifundisha watoto wachanga kuogelea, na alishafikia uamuzi kwamba mtoto wa miezi saba ana akili timamu. Shida humwanza baadaye, akishakuwa mzazi.

Alisimama kwenye maji ya kiunoni, nguo ya kuogelea ya bluu iliyopaushwa na dawa ya bwawa, nywele nyekundu kazibana kwa penseli, kipenga shingoni. Ndipo akamwona mwanamume mrefu mwenye miwani anashuka ngazi, mtoto wa kike kifuani, na kichwani mwa yule mtoto kuna helmeti. Ilikuwa ile helmeti nyepesi ya kurekebisha kichwa, wanayovalishwa watoto ambao fuvu limebonyea upande mmoja kwa kulaliwa. Mtu alikuwa ameipaka rangi ikafanana na kofia ya kipa wa hoki.

Larisa akapuliza kipenga. Bwawa zima likanyamaza.

"Wewe kaka. Hiyo helmeti ina sponji ndani. Ikishiba maji inakuwa jiwe, na kichwa ndicho kitakachotangulia chini. Umekuja kumfundisha mtoto kuogelea au kumtia nanga?"

Mwanamume akasimama ngazi ya pili, maji yakimfika vifundoni. Hakukasirika, na hilo lilimuudhi Larisa zaidi. Akavuta mkanda wa pembeni, helmeti ikafunguka, akaichungulia ndani kwa mshangao.

"Kweli, sponji," akasema. "Na niliibandika mwenyewe Jumanne, wala sikujua."

Wazazi wakacheka. Yeye ndiye fundi wa zile helmeti. Akaeleza kwamba benchi la chumba cha kubadilishia limelowa, akawa anatafuta pahali pakavu pa kuiweka, na pahali pekee pakavu alipopaona ni kichwani mwa mtoto. Akaenda kuiweka kwenye kiti cha mwalimu, juu ya sweta la mwalimu lililokunjwa vizuri.

Jina lake Evert Dueck. Mtoto ni Tilda, wa dada yake Lorna, nesi anayepanda ndege kwenda kufanya kazi wiki mbili huko kaskazini kwenye barafu, kisha anarudi wiki mbili. Dada akisafiri, mjomba analea.

"Mjomba," Larisa akarudia. "Kwa hiyo hata si mzazi."

"Hata si mzazi."

"Basi una nafuu," akasema, na kwa waliomjua hilo lilikuwa karibu sawa na kumkumbatia mtu.

Helmeti inavaliwa saa ishirini na tatu kwa siku. Inabaki saa moja tu ya kichwa kupumua, na Evert aliitoa saa ya Jumamosi yote kwa bwawa. Alikuja na saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, akaiweka ukingoni: nusu saa majini, nusu iliyobaki ya kukausha. Larisa akaicheka ile nyanya. Jumamosi ya pili akamuuliza kama ina ndugu. Ya tatu walikaa kwenye mkahawa wa bwawa, Tilda na helmeti yake katikati yao, wanakula vipande vya kuku kwa mchuzi wa asali na bizari, na Evert akamwambia kwa utulivu wote kwamba ana masikio mazuri, kwamba yeye kwa kazi yake ameona masikio mengi.

Simu zikaanza katikati ya wiki.

"Mjomba hapa."

"Mjomba yupi? Ninao wanne, wote vichwa maji."

"Yule mwenye kichwa cha mviringo."

"Cha mviringo, hicho? Wewe walichelewa kukuvisha helmeti, baba. Mfupa umeshakomaa."

"Basi njoo ukipime kwa mkono, mpenzi, tujue hasara."

Larisa akakata simu ili asisikike anacheka.

Evert ndiye aliyemfundisha ile kanuni. Mtoto akitoka majini, kichwa kikaushwe mpaka nyuma ya masikio, helmeti ifutwe ndani na iachwe ikauke. Ukiivalisha juu ya unyevu, ngozi inaiva kama chakula kilichofunikwa. Larisa akaichukua kanuni kama yake. Akaandika kibao kwa herufi nene, akakitundika mlangoni: KICHWA KIKAVU, HELMETI KAVU. Kufikia Desemba darasani mlikuwa na watoto wanne wa helmeti, na ole wake mzazi aliyepita kwenye kibao kile na mtoto mwenye tone moja la maji shingoni.

Jumamosi ya sita Lorna alipiga simu kwamba ndege yake imewahi kutua. Nje baridi ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri. Evert akamkabidhi Larisa mtoto amvalishe, yeye akatangulie kuchomoa gari kwenye umeme unaozuia injini isigande, na kulipasha moto. Hakuwahi kumwachia mtu Tilda. Larisa akampokea yule mtoto kama mtu aliyevishwa pete.

Akamfuta kwa taulo upande mmoja. Akanyoosha mkono kuchukua draya ya nywele ukutani. Hapo akaingia mama mmoja aitwaye Kendra, mwanawe amemvisha boya la shingoni, lile duara la plastiki ambalo mtoto ananing'inia ndani yake kwa kidevu kama chupa kwa kizibo, na mkono wa pili wa Kendra uko kwenye simu.

Larisa hakuweza kujizuia. Aligeuka, akaanza. Akamweleza Kendra kwamba boya likipungua upepo mtoto anazama kimyakimya, hapigi kelele kama kwenye sinema. Kwamba boya halina macho, mama ndiye mwenye nayo, japo kwa wengine ni pambo. Kwamba mtoto majini anakaa pale mkono unapomfikia, na mkono wenye simu haufiki popote. Mkono wake mwenyewe, wakati huo, ulichukua helmeti ya Tilda, ukaivalisha, ukavuta mkanda. Alisema dakika saba, vizuri mpaka akina mama wawili wakapiga makofi. Kendra alikuwa analia. Evert akarudi na barafu kwenye ndevu, akambusu Larisa kwenye paji la uso kwa mara ya kwanza, akaondoka na mtoto.

Jumatatu akapiga simu. Sauti haikuwa na utani.

"Tilda ana kidonda nyuma ya sikio. Ngozi imetoka. Larisa, ulimkausha?"

Akilini aliiona draya palepale ukutani, baridi, kwenye ndoano yake. Alijua.

"Mimi? Unaniuliza mimi, niliyeandika kibao?"

"Basi itakuwa helmeti," Evert akasema.

"Itakuwa helmeti," akasema. "Kagueni kazi zenu."

Alidhani atabisha. Angebisha, wangegombana, na katikati ya ugomvi ukweli ungeponyoka. Lakini Evert alimwamini, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Siku mbili alikwangua sponji akitafuta kosa, hakuliona, akakwangua tena mpaka helmeti ikalegea ikawa bakuli. Akamwambia dada yake kosa ni la mkono wake. Lorna akampeleka mtoto kwa fundi mwingine ng'ambo ya mto. Na kidonda kilitaka kichwa kikae wazi wiki nzima, wakati Tilda anakimbilia miezi tisa na fuvu halimsubiri mtu.

Jumamosi nyanya haikuja. Larisa akapiga simu mara nne, ya tano ikapokewa.

"Nimeomba wanihamishie kwenye soli za viatu," Evert akasema. "Mtu anayemuumiza mtoto wa dada yake asishike kichwa cha mtoto wa mtu."

Larisa akabaki na simu mkononi kwenye chumba cha kubadilishia. Akatazama huku na huku kutafuta mtu wa kumdharau, akakutana na kioo.

Jumatano akaenda kwa Lorna. Mwanamke mfupi mwenye mabega ya kubebea wagonjwa akafungua mlango, Tilda kiunoni, kichwa wazi, plasta nyuma ya sikio. Larisa hakungoja kukaribishwa. Alisema yote pale kizingitini, mvuke ukimtoka mdomoni.

"Yaani kaka yangu amebeba mzigo wako siku tisa hizi," Lorna akasema.

"Ndiyo."

"Na wewe si ndiye yule wa kibao?"

"Ndiye."

Lorna akamtazama kuanzia buti mpaka kofia. Ulikuwa mtazamo ambao Larisa aliujua vizuri, ila hakuwahi kuupokea.

"Kawaambie na wale unaowapulizia kipenga," akasema, na kufunga mlango.

Jumamosi Larisa akapuliza kipenga. Akasimama chini ya kibao chake, akawaeleza wazazi wote nani alimvalisha Tilda helmeti juu ya nywele mbichi, alikuwa akimtukana nani wakati huo, na alimsingizia nani baadaye. Hakuna aliyecheka. Kendra, ambaye siku hiyo hakuja na boya, akamuuliza kwa upole kama angependa kuazimwa taulo. Tusi lingeuma kidogo kuliko ule upole.

Mlangoni alikuwa amesimama Evert, koti zito, buti za theluji, miwani imefunga ukungu. Lorna nyuma yake alikuwa amemshika kiwiko kama askari.

"Umenifanya nikwangue helmeti mpaka ikawa bakuli," Evert akasema.

"Najua."

"Nimetengeneza soli kumi na nne. Unajua soli zinavyochosha?" Akavua miwani, akaifuta. "Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu watu wanaofanya vile nawadharau. Sikujua mtu anaishi vipi baada ya hapo."

"Anaishi tu. Anaomba msamaha, anakunywa kahawa."

"Nisamehe, Evert."

"Kahawa iko wapi?"

Wiki mbili zilipita kabla Lorna hajamruhusu kaka yake kupima kichwa cha Tilda tena. Akatengeneza helmeti mpya, safari hii bila hoki, rangi ya njano tupu. Jumamosi iliyofuata Tilda akarudi majini, akapiga miguu, akammwagia mwalimu maji usoni. Nyanya ikalia. Larisa akamtoa, akamlaza kwenye meza ya kubadilishia nepi, akapitisha taulo kichwani, nyuma ya masikio, kwenye mikunjo ya shingo. Akaijaribu draya kwanza kwenye mkono wake, akampulizia. Kisha akaanza upya.

"Mwalimu, kimekauka," Evert akasema.

"Subiri."

Akasubiri, buti mkononi, soksi hazifanani.

"Huyu anahitaji mtu wa kumkausha hivi kila siku," akasema. "Si Jumamosi tu."

"Ana mjomba."

"Mjomba peke yake hatoshi. Nilikuwa nafikiria mkaza mjomba."

Larisa akamtazama. Katika maisha yake hakuwahi kuona mwanamume aliyestahili kudharauliwa kiasi kile.

"Hii ndiyo posa yako? Kando ya pipa la nepi?"

"Ndiyo."

Akapitisha kidole nyuma ya sikio la Tilda. Pakavu. Akachukua helmeti ya njano, akagusa sponji ndani, pande zote. Kavu. Akamnyooshea.

"Mvalishe wewe, mume wangu," akasema. "Mimi nakagua kazi yako."