Sponji ya Zamani

Umeme ulikatika saa nne asubuhi. Cherehani ikanyamaza, feni ikanyamaza, redio ya jirani nayo ikanyamaza, lakini mapovu kwenye tangi la samaki yakaendelea kutoka.

Mshonaji aliinua kichwa. Akaufuata waya wa pampu ya hewa ya tangi, akauchomoa kabisa ukutani. Mapovu hayakukoma.

Tangi lilikuwa la binti yake, aliyefariki kwa pumu miezi miwili iliyopita, akiwa na miaka kumi na mmoja. Ndani yake aliishi samaki mmoja wa rangi ya chungwa aliyeitwa Meneja, kwa sababu alishinda akizunguka kukagua kila kitu na kazi yenyewe hafanyi. Kila asubuhi mama alisimama mbele ya kioo, akamwita marehemu kwa jina, akampa habari za nyumbani. Huzuni ilikuwa inamla mzima mzima. Siku kifua cha binti kilipobana, yeye alikuwa amekwenda kununua vitambaa. Aliporudi alimkuta mtoto sakafuni, ameshapoa.

Juzi alikuwa amebadilisha sponji ya chujio la kusafishia maji ya tangi. Alifuata alivyofundishwa na binti mwenyewe: sponji mpya inawekwa, lakini ya zamani haitupwi, inaachwa kando yake wiki kadhaa, maana uchafu wake ndio unaomlea samaki. Sponji ile binti ndiye aliyeikamua mara ya mwisho, kwa mikono yake.

Sasa mapovu yalipanda, yakakwama, yakapiga mluzi mwembamba, yakapanda tena. Mama alizijua pumzi zile.

"Mama," maji yakasema. "Kifua."

Dada wa mumewe, aliyekuwa jikoni, akaangusha sufuria.

"Wifi, umesikia?" akanong'ona.

"Nimesikia."

"Basi tutoke humu ndani, jamani!"

"Nitoke nimwache tena?"

Hakutoka. Kwa siku nne alikaa mbele ya kioo, na kadiri alivyosikiliza ndivyo kifua chake mwenyewe kilivyobana, harufu ya maji yaliyovunda ikajaa chumba na kuingia hadi kwenye nguo za wateja, Meneja akajibanza pembeni asitake hata kula, na mama akafika mahali pa kutovuka kizingiti bila kutweta, midomo imempauka, naye bado akiitikia kila alipoitwa.

Wifi akamleta mganga, mwanamke mnene mwenye miwani, aliyeanza kwa kuyalalamikia magoti yake kisha akainama kunusa maji.

"Ulikuwa ukimwita marehemu hapa?"

"Kila siku."

"Basi jini alikuwa anapita zake, akaitika. Amejificha kwenye hiyo sponji ya zamani. Itoe uianike juani mpaka ikauke kabisa. Uitoe wewe, maana wewe ndiye uliyemkaribisha." Akashusha sauti. "Atalia, mama. Atalia kwa sauti ya mtoto. Ukimrudisha majini, mwezi huu huumalizi."

Mama akatumbukiza mkono. Sponji ilikuwa ya moto kama paji la uso la mgonjwa. Akaibeba hadi uani, akaiweka juu ya kigae, na jua lilipoigusa tu ikaanza kukoroma na kupiga mluzi, ikilia, "Mama, siwezi kupumua, mama, uko wapi, mama, njoo," maneno ambayo bila shaka nyumba tupu iliyasikia siku ile binti alipofariki, na wifi akaziba masikio huku machozi yakimtiririka, na mganga naye akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Tumwache," mganga akasema. "Tufunge mlango, asikilizwe na jua."

Mama akaketi chini kwenye vumbi. Akaweka kiganja juu ya sponji, akaipapasa polepole, juu hadi chini.

"Wifi, jamani, huyo si mtoto!"

"Najua si yeye." Hakuondoa mkono. "Lakini wangu alikata roho hakuna hata mtu wa kumpapasa mgongo."

Akaendelea kupapasa, hadi pumzi za sponji zikaanza kutoka moja moja, kwa nafasi ndefu, hadi ya mwisho ikatoka, na sponji ikabaki kavu chini ya kiganja chake.