Mkono Usiomwaga Tone

Maiti ilikuwa kwenye sahani ya plastiki, ndogo kuliko kiganja cha Inspekta. Sahani ilikuwa na vishimo tisini na sita, na ndani ya kila kishimo mlikuwa na tone jeupe kama maziwa yaliyochakachuliwa.

"Ndiyo hiyo?" Inspekta aliuliza.

"Ndiyo hiyo," alijibu Mkurugenzi wa maabara. "Jana mchana ilikuwa safi kama maji ya kunywa. Miaka mitatu ya kazi, afande."

Inspekta alishawaona waliokufa kwa kisu, kwa sumu na kwa wivu. Hakuwahi kuitwa kwa ajili ya tone. Lakini wafadhili wa utafiti walitaka jalada la polisi, na kituoni kesi zisizo na damu alipewa yeye, mzee aliyebakiza miezi saba kustaafu. Alivaa glavu, akafungua daftari.

"Nani ana ufunguo wa chumba hiki?"

"Watatu. Mimi, Mtafiti mwenyewe, na fundi wa maabara, Bi Tone."

"Unamshuku nani?"

"Mtafiti." Mkurugenzi hakumung'unya maneno. "Majaribio mawili alituambia dawa yake inafanya kazi. Hili la tatu lilikuwa la kuthibitisha mbele ya wafadhili. Ameogopa kuumbuka, akaliua mwenyewe. Ijumaa baraza linakaa. Likiridhika ni yeye, anafukuzwa, na shahada hapati."

Ilikuwa Jumanne.

Mtafiti alikuwa binti mwembamba wa miaka ishirini na tisa, macho mekundu kwa kulia. Inspekta alimvutia kiti.

"Nieleze kama unavyomweleza mtoto wa darasa la nne."

"Protini ni uzi mrefu unaojikunja kwa namna yake," alisema. "Ukijikunja vizuri, unafanya kazi mwilini. Ukijikunja vibaya, unanatana na wenzake na kuwa nyuzi ngumu. Tunaziita amiloidi. Ndizo zinazokutwa kwenye ubongo wa wazee waliosahau hata watoto wao. Dawa yangu inazichelewesha zisianze."

"Na hapa zimeanza."

"Hazikuanza. Zimeanzishwa." Alimwonyesha mistari kwenye kompyuta. "Kwa kawaida mstari unalala chini siku mbili nzima, hata bila dawa. Kuanza ni kazi. Ni kama foleni: hakuna anayependa kusimama wa kwanza, peke yake. Akishasimama mmoja, wengine wanajipanga nyuma yake. Hii imepanda tangu dakika ya kwanza. Mtu ametia vipande vya nyuzi za zamani. Sisi tunaviita mbegu."

"Saa ngapi?"

"Nilijaza sahani asubuhi, nikaihifadhi kwenye friji. Saa saba nikaenda kula. Saa nane nikaitia kwenye mashine."

"Ulikula na nani?"

"Na Bi Tone. Tunakula pamoja kila siku, kwenye chumba cha chai."

"Na jana pia mlienda pamoja?"

"Jana pia," alisema, lakini baada ya kumeza mate.

Inspekta aliandika jibu, na pembeni yake akaandika: *kasita*.

"Hiyo mbegu haina alama za vidole?" Aliuliza kwa mzaha tu, lakini yule binti hakucheka.

"Inazo. Nyuzi hurithi umbo la mbegu yake. Mbegu bapa huzaa nyuzi bapa, mbegu iliyosokotwa huzaa zilizosokotwa."

"Mtoto wa nyoka ni nyoka."

"Ndiyo hivyo. Zangu zote ni bapa, kwa sababu naziotesha kwenye mashine ya kutikisa. Zipigeni picha kwa darubini ya elektroni. Zikiwa bapa, nifungeni."

Picha ilitoka Jumatano. Nyuzi zilikuwa zimesokotana kama kamba ya katani. Inspekta alimpelekea Mtafiti mwenyewe, akitarajia shukrani. Binti aliitazama muda mrefu, kisha akaigeuza kifudifudi mezani.

"Umekaribia kuokoka," Inspekta alisema. "Sasa niambie ni nani anaotesha za namna hii."

"Sina la kusema."

"Binti, Ijumaa ni keshokutwa. Baraza lisipopata jina lingine, litakufukuza wewe."

"Najua Ijumaa ni lini, afande."

"Unamkingia nani kifua?"

Alichukua mkoba wake akatoka.

Jioni ile Inspekta alikula amesimama jikoni, redio ikiongea kwa niaba ya wote. Alijua sura ya mtu anayeficha kitu kwa mapenzi. Miaka sita iliyopita, binti yake alipokuwa anajiandaa kwenda kusoma ng'ambo, pasipoti yake ilipotea wiki tatu. Mtu mmoja tu alijua ilipo, naye alikuwa baba yake. Siku hizi binti alipiga simu kila Jumapili, dakika tano, na Inspekta alianza kuisubiri tangu Ijumaa.

Alhamisi asubuhi alimweka Mkurugenzi mbele ya picha.

"Zilizosokotwa?" Mkurugenzi alishangaa. "Hizi za kizamani. Kabla hatujanunua mashine ya kutikisa, tulikuwa tunaziacha zitulie wiki sita. Zikitulia husokotana. Siku hizi hakuna mwenye subira hiyo."

"Wa enzi hizo mmebaki wangapi?"

"Mimi na Bi Tone. Lakini Bi Tone, afande, yule ni kama meza hapa ndani."

"Wewe mara ya mwisho umeshika pipeti kudondosha matone lini?"

Mkurugenzi alicheka. "Mimi nashika vikao."

Inspekta alitandaza karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya jaribio la zamani la Mtafiti, mistari imetawanyika kama nywele zisizochanwa. Ya pili ilikuwa ya Jumatatu. Mistari tisini na sita ilikuwa imelaliana hadi ikaonekana mmoja.

"Aliyetia mbegu alitia kiasi kile kile kila kishimo, bila kupunguza wala kuzidisha. Mkono huo ni wa nani?"

Mkurugenzi aliacha kucheka.

Bi Tone alikuwa kwenye chumba cha kuoshea, akisuuza chupa. Mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mfupi, koti jeupe limepigwa pasi likasimama. Ukutani alikuwa amebandika picha za wanafunzi, ishirini na mbili. Kwenye rafu palikuwa na vikombe viwili vilivyofunikwa.

"Kwa nini wanakuita Bi Tone, mama?"

"Mkono wangu haumwagi. Miaka thelathini na moja sasa."

"Jumatatu ulifika mezani saa ngapi?"

"Saa saba."

"Mama."

"Saa saba na robo."

Inspekta aliweka picha juu ya beseni. Bi Tone alifuta mikono kwanza, kidole kwa kidole, ndipo akaishika.

"Nani mwingine ameiona?"

"Mtafiti. Tangu jana. Amejua ni mkono wako na hajasema neno. Yuko tayari afukuzwe."

Bi Tone aliketi juu ya ndoo. Maji yaliendelea kutiririka, na Inspekta akafunga bomba.

"Mjinga yule," alisema polepole. "Mjinga kabisa." Kisha akalia, bila sauti.

"Mama, nakuonya. Lolote utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani."

"Andika, afande. Ni mimi."

"Mbegu za Mtafiti zilikuwa kwenye friji ile ile yenye sahani. Ungetumia hizo, nisingekupata."

Alimtazama kama aliyetukanwa. "Vya yule mtoto siwezi kuiba. Nilitumia vyangu."

"Alikukosea nini?"

"Hajanikosea. Anaondoka. Jaribio likifaulu, mwisho wa mwezi anapanda ndege. Likiharibika, analirudia, miezi mitatu." Alionyesha ukuta. "Hawa wote nimewafundisha kushika pipeti. Wote waliniita mama. Wanatuma picha moja, ya theluji au ya mtoto, basi. Mume wangu amekufa, mtoto sikujaliwa. Ikifika Ijumaa jioni nafunga mdomo mpaka Jumatatu. Jumatatu sauti inatoka imekwaruza. Yule binti ndiye pekee aliyewahi kugundua. Ananiuliza, 'Mama, umeshikwa na mafua?' Namjibu ndiyo."

Inspekta alikuwa ameacha kuandika.

"Nilitaka miezi mitatu tu," alisema Bi Tone. "Nilidhani watasema limeharibika, mambo huharibika. Sikujua wataita polisi."

"Na ulipoona wanamshuku yeye?"

"Nikasema kesho nitajitokeza. Na leo asubuhi nimesema kesho."

Ijumaa baraza lilimsafisha Mtafiti na kumpa muda wa kurudia jaribio, miezi mitatu kamili. Bi Tone alinyang'anywa ufunguo, akasomewa shtaka la kuharibu mali kwa makusudi, akapewa dhamana kwa sharti la kutokanyaga maabara. Miezi aliyoitaka ilikuja, yeye hakuwamo.

Inspekta alipopita kurudisha karatasi, saa saba mchana, alimwona Mtafiti kwenye chumba cha chai. Alikuwa anakula peke yake. Kikombe cha pili kilikuwa mezani, kimefunikwa.

Alirudi kwenye gari, akafunga mlango, akapiga simu ng'ambo.

"Baba?" Sauti ya binti yake ilikuwa na hofu. "Kuna nini? Leo si Jumapili."

"Salama tu. Ile pasipoti yako, iliyopotea ukakosa ndege. Haikupotea. Niliiweka kwenye droo ya soksi zangu."

Upande wa pili mlango ulifungwa.

"Najua, baba. Niliiona siku ya pili."

"Mbona hukuichukua?"

"Nilitaka uitoe mwenyewe."

Inspekta alitazama geti la maabara mpaka likawa ukungu machoni mwake.

"Haya," alisema. "Nimeitoa."