Dawa ya Felisita

Kila asubuhi kabla ya shule, Kabula alimwagia maji mchanga uliowekwa kati ya vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine. Ndani mlikaa chupa ya insulini ya mdogo wake Felisita, mgonjwa wa kisukari. Nyumbani kwao, nje kidogo ya Bariadi, hapakuwa na jokofu; mchanga wenye maji ndio ulioipoza dawa.

Lakini Kabula alikuwa bingwa wa kuota mchana. Akishika kopo la maji, mawingu juu ya shamba la pamba yalimchukua, akasahau kilichomtoa ndani. Wiki moja ya joto kali alisahau siku nne mfululizo.

“Umemwagia?” mama aliuliza kila siku.

“Ndiyo, mayu,” alijibu kwa kuogopa kugombezwa.

Siku ya tano Felisita alishikwa na kiu isiyoisha, akalegea hata akashindwa kusimama. Mama akawapeleka wote wawili hospitali.

Daktari Wilhelmina alimpima sukari, akakunja uso. “Mama Kabula, unamchoma sindano kila siku?”

“Kila siku, daktari.”

“Basi dozi haimtoshi. Nitamlaza, nimpe chupa mpya na kumwongezea dozi.”

Kabula aliuliza polepole, “Dawa ikipata joto inakuwaje?”

“Inaharibika. Kwenye utando wa seli, yaani ngozi yake ya nje, kuna vipokezi. Insulini haiingii ndani. Inajishika kwenye kipokezi, nacho kinapeleka habari ndani ili milango ya sukari ifunguliwe. Oganeli ziitwazo mitokondria, yaani viungo vidogo vya ndani ya seli, zinaitumia sukari hiyo kutengeneza nguvu. Insulini iliyoharibika, kipokezi hakiitambui.”

Macho ya Kabula yalikwenda mbali. Aliliona boma lililozungushiwa ua wa minyaa, mgeni akipiga hodi bila kuitikiwa. Nje sukari ilikuwa imelundikana kama pamba ya mavuno, na ndani Felisita alikaa peke yake, ana njaa. Kabula alishtuka, machozi yakimtoka.

“Daktari, usimwongezee. Sikumwagia maji siku nne. Nilimdanganya mama.”

Daktari aliweka kalamu chini. “Chupa mpya ni nzima. Ningemwongezea, sukari ingeshuka mno. Pengine asingeamka.” Akaifuta dozi mpya aliyoandika, akarudisha ya zamani.

Kesho yake Felisita aliketi, akaomba uji. Mama alimvuta Kabula karibu.

“Kusahau nitakusaidia, mwanangu. Lakini uliponidanganya, nilimchoma mdogo wako dawa mbovu nikidhani namtibu. Ukikosea, niambie siku hiyohiyo, hata kama nitakugombeza.”