Tangazo la Ng'ombe Waliopotea

"Tai, lori halipiti njia mliyoziba. Narudia, hali—"

Kiatu kiliiponda redio ndogo ya siri kabla Rukaya hajamaliza kuwaonya wenzake.

Kisha akasikia ufunguo ukizunguka. Mdomo wa bastola ya Webley ukakaa nyuma ya sikio lake.

"Keti kwenye kipaza sauti," alisema Delvaux, mnunuzi wa kahawa. Akautia ufunguo mfukoni. "Saa kumi unatangaza kama kawaida."

Zilibaki dakika sita.

Jina lake halikuwa Rukaya. Alikuwa Edvina Kyarimpa, binti wa wafugaji wa Ihanda. Idara yake ya siri ilimpachika katika mji mdogo wa Nkwenda, karibu na mpaka, mapema mwaka ule wa 1956, akajulikana kama mtangazaji kutoka Tanga, na kwa miezi mitatu hakumtamkia mtu neno hata moja la Kinyambo, lugha ya wenyeji.

Kituo kilikuwa chumba kimoja kisicho na dirisha, kuta zimefunikwa mablanketi ili kelele zisiingie. Ungepiga yowe humo, sokoni wasisikie. Egbert, fundi mitambo aliyerudi kutoka vita vya Burma, alikianzisha mwaka 1949 kwa mabaki ya mitambo ya jeshi. Mwanzo sauti iliishia sokoni. Akarefusha mlingoti, ikafika Kaisho. Akaurefusha tena, Ihanda wakaipata. Kila Alhamisi watu walizunguka redio chache zilizokuwepo wakasikiliza salamu, muziki, na ng'ombe waliopotea.

Sasa Egbert alikuwa sakafuni, kafungwa kamba, kitambaa mdomoni.

Delvaux alieleza kwa ufupi. Santuri ile ile ikipigwa mara mbili, dereva wake anayesikiliza redio huko Kaisho ataondoa lori la Bedford. Chini ya magunia ya kahawa mna baruti iliyoibwa machimbo ya bati. Ng'ambo ya mpaka, wanaoisubiri walikwisha kuchagua daraja la kulipua. Dereva aliizoea sauti ya Rukaya. Sauti ngeni ingemshtua.

"Ukikosea, naanza na huyu," alisema, akimwelekezea Egbert bastola.

Edvina alitazama mlango. Alitazama kuta. Hapakuwa na pa kutokea.

Saa kumi. Taa nyekundu.

Akasoma salamu. Akapiga santuri. Akaipiga tena. Lori lilikuwa limeondoka.

"Zima," Delvaux alinong'ona.

Edvina alifunika kipaza sauti kwa kiganja. Alimweleza kwa upole kwamba matangazo ya ng'ombe hayajawahi kurukwa hata siku moja, na yakirukwa, nusu ya soko itakuja kugonga mlango. Egbert ndiye huyasoma, kwa Kinyambo. Yeye lugha haijui, ila herufi anaweza kuzisoma.

Delvaux, aliyejua maneno machache tu ya Kinyambo, aliikagua karatasi. Majina, rangi, mapembe. Akaitikia kwa kichwa.

Edvina aliinua karatasi, akajikwaa makusudi kwenye maneno ya kwanza. Kisha, kwa lugha ya mama yake, akasema lori la Bedford limetoka Kaisho sasa hivi na limebeba baruti. Aliye karibu na barabara aijaze ng'ombe. Mtu asiwashe moto. Sisi tumefungiwa kituoni, mwenye bastola ni mnunuzi wa kahawa.

Machozi yalimlengalenga Egbert.

Dakika zikapita. Delvaux alitaka kutoka, lakini dereva wake, aliyekuwa ampitie kwa lori, hakuja. Ndipo sakafu ikaanza kutetemeka. Miguu. Miguu mingi.

Delvaux alimgeukia taratibu. "Ulisoma nini?"

Edvina alimpiga mkononi kwa nguzo ya chuma ya kipaza sauti. Risasi ikazama kwenye mablanketi. Akampiga tena, bastola ikaanguka, akaiokota.

"Ufunguo."

Nje, watu wa soko zima walikuwa wamekizingira kituo. Mfugaji mmoja, Tumwine, alikuwa amefika kwa baiskeli, anahema. Alisema ng'ombe mia mbili wamelala barabarani, lori limekwama katikati yao, na dereva amekaa juu ya paa anaogopa mapembe.

Egbert, aliyekwisha kufunguliwa kamba, akijisugua vifundo vya mikono, alimuuliza mtangazaji wake jina lake la kweli.

"Edvina."

"Wiki ijayo atatangaza nani?"

"Wewe. Ila mlingoti urefushe tena."

Akamkabidhi Delvaux kwa askari wa soko, akafunga vizuri kitenge chake, akashika njia ya Kaisho kwa miguu.

Hakugeuka nyuma.