Talaka Niliyofichwa na Mtoto wa Shule

Nina miaka arobaini na miwili, sina mume, sina mtoto, na wanawake wa mtaa wetu wa Kibokoni hawanipendi. Mimi pia siwapendi! Lakini mkasa huu nausimulia, mpwa wangu anaandika, na anayetaka kunicheka na anicheke.

Mwaka wa pili wa vile vita vikuu vya pili, jirani yangu mjane alifariki, akaacha binti wa miaka kumi na mbili, Mwanaisha. Ami yake, ndugu wa babake, akamchukua. Mtoto alikuwa wa kwanza darasani, lakini ami akasema ameshakua, atawekwa ndani asubiri mume. Nilimwendea nikamwambia, "Mwache asome. Mimi nitampeleka na kumrudisha kila siku, wala hapana atakayemtazama." Akakubali shingo upande.

Basi kila asubuhi tukatoka, mimi na buibui langu, yeye na lake. Wanawake walinisema weee! Ati nampeleka mtoto wa watu akafunzwe kuwaandikia wanaume barua. Niliwajibu papo hapo, kwa maneno mimi sishindwi.

Mume wangu alikuwa dereva Tanga. Barua zake zilikuja kwa herufi za kizungu, nami nimesoma chuoni tu, Kurani naisoma lakini herufi hizo sizijui. Mwanaisha ndiye aliyenisomea. Nilijigamba kwa kila mtu... yuko wapi sasa asemaye shule haina faida?

Siku moja ikaja barua. Mtoto akaitazama kitambo, kisha akanisomea: mume wangu hajambo, anasalimu, kazi nyingi. Nikafurahi, mjinga mimi!

Miezi minne baadaye nilikwenda harusini, nimejipamba, asumini kichwani. Wifi yangu akanitazama juu chini, akauliza mbele ya watu, "Dada, eda umeshamaliza?"

Eda! Eda gani? Akasema kakake aliniacha kwa barua, na barua niliipata. Wanawake wote wakaangua kicheko. Wallahi, kicheko kile nakisikia mpaka leo.

Nilimkuta Mwanaisha kwangu, anafanya hesabu. Nikamshika mkono nikamtikisa. Akalia, akasema, "Niliogopa, mama. Nilidhani atakurejea kabla hujajua. Na wewe ukianguka kwa majonzi, mimi sina mwengine wa kunipeleka shule."

Wa kunipeleka shule! Neno hilo tu ndilo nililolisikia. Talaka ilikuwa moja, ya kurejewa... ningalijua ndani ya eda ningalituma wazee, huenda angalinirejea! Nikaona mtoto huyu ameniuza kwa ajili ya masomo yake. Nikatoka moja kwa moja mpaka kwa ami yake nikamwambia, "Mchukue mtoto wako. Elimu imemfunza uongo."

Ami hakutaka zaidi ya hilo. Kabla ya mwezi kwisha alimwoza kwa mtu mzima mwenye wake wawili, ng'ambo ya feri, Likoni. Mwalimu wake alikuja akasimama mlangoni kwangu na madaftari ya Mwanaisha mkononi, akaniuliza nimemfanya nini mtoto yule. Nilimfungia mlango kwa kiburi tu.

Nami najiuliza... nani alinikosea? Mume ndiye aliyeniacha kwa karatasi, kama mtu anayeagiza sabuni! Wifi ndiye aliyenifedhehesha. Wote wawili sikuwagusa. Nilimgeukia yatima, kwa kuwa yeye ndiye niliyemweza.

Baada ya miaka kadhaa nilivuka feri kwenda kumwomba Mwanaisha radhi. Nilimkuta amebeba mtoto wake wa pili. Akanipokea kwa adabu, akanitengezea kahawa, akasema, "Nimekusamehe, mama. Lakini usiniulize habari za kusoma." Nikanywa kahawa yangu, nikaaga.

Nyinyi mliochukua binti wa watu kumsomesha, nisikilizeni! Akikukosea mgombeze, mnunie, mnyime hata salamu ukitaka. Shule usimtoe! Hasira zangu zilikwisha kwa siku tatu. Ndoa yake sasa ina mwaka wa saba.