Mshiriki Aliyebaki Ngazini

Asubuhi ile, katika ukumbi wa mapokezi wa hospitali, walikuwepo hawa: karani, ambaye hakuinua uso, wagonjwa waliojaa kwenye mabenchi, na wengine waliosimama kwa kukosa nafasi, fundi wa lifti, aliyelala chali ndani ya lifti mbovu, miguu nje, muuguzi wa ghorofa ya tatu, aliyesikika bila kuonekana, mtakwimu wa kike, aliyevaa gauni la kijani lenye mkanda mwembamba, na refa. Harufu ya dawa ya kusafishia sakafu ilikuwa imepigana na harufu ya jasho, na zote mbili zilikuwa zimeshinda.

Refa alikuwa ameketi kwenye ngazi za chini, suruali yake nyeusi imenyooshwa vizuri, akifunga kamba ya kiatu ambayo ilikwisha kufungwa. Alikuwa ameziba njia, na mtakwimu alikuwa na haraka ya kwenda ofisini kwake ghorofa ya kwanza.

"Kaka, ngazi ni za kupandia," alimwambia.

"Najua, dada. Nazikagua kwanza. Mimi ni refa. Siingii uwanjani kabla ya kukagua."

"Na umeona kosa gani?"

"Zimezidi. Ningekuwa na filimbi ningesimamisha mchezo."

Mtakwimu alicheka, akasahau haraka yake, akaketi. Sauti ya muuguzi ikashuka kutoka juu: "Wa mwisho yuko wapi? Anakuja au haji?" Mtakwimu alimuuliza refa kama ndiye anayeitwa, naye akasema hapana, labda ni mchezaji wa akiba. Wakacheka tena. Mwanamke alipoinuka kwenda kazini alikuwa na namba ya simu ya mwanamume huyo. Hakugeuka nyuma, kwa hiyo hakumwona akiushika ukuta kwa mikono miwili ili asimame.

Mapenzi yao yalikua kwenye simu. Refa alipiga asubuhi, sauti yake nzito kama ya mtu aliyetoka usingizini. Mtakwimu akichelewa kupokea, alipewa kadi ya njano. Akisema neno tamu, alipewa faida ya mchezo. Walipokutana, walikutana kwenye mgahawa uliokuwa mkabala na nyumba ya refa, na daima refa ndiye aliyekuwa amekwisha kuketi. Mtakwimu akimuuliza siku yake imekwendaje, jibu lilikuwa lilelile: "Nimejituma, mpenzi." Hakulalamika kamwe. Mtakwimu, aliyekulia katika nyumba ya wanaume wanaougua mafua kana kwamba wanaaga dunia, aliliona jibu hilo kuwa pambo la tabia njema, akamsifia kwalo kwa rafiki zake.

Kisha refa akaanza kutofika. Mara ya kwanza alituma salamu. Mara ya pili simu yake ilikuwa imezimwa, na mtakwimu alikaa mgahawani ndani ya gauni jipya la buluu huku mhudumu akiifuta meza ambayo haikuwa chafu, kwa namna ya watu wanaotaka meza yao. Alijiambia kuwa yuko mwanamke mwingine. Akavuka barabara, akabisha hodi.

Mlango ulifunguliwa na dada mkubwa wa refa, mkutubi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, ambaye alikuwa akisikia habari za mtakwimu na kuzifurahia. Alimkaribisha kwa jina la wifi, lakini alisita kabla ya kumwonyesha chumba.

Chumba kilikuwa na mapazia mazito. Kilinuka shuka lililolaliwa kutwa na maziwa yaliyoganda kwenye kikombe, na pembeni mwa kitanda palikuwa na ndoo. Refa alilala ndani ya giza hilo, kitambaa machoni, kwa sababu nuru ilimuumiza. Alimweleza mtakwimu yote aliyomficha: kwamba alipata homa ya kawaida, homa ikaisha, lakini nguvu hazikurudi, kwamba akijikaza leo, mwili humwangusha kesho kutwa, kwamba vipimo vyote vilisema yu mzima. Zamani alikimbia na mpira dakika zote tisini. Sasa kwenda msalani ilikuwa fainali.

Mtakwimu alihisi furaha, maana hapakuwa na mwanamke mwingine. Katika furaha hiyo akasema alichokiamini. Alimwambia kuwa ugonjwa wake una jina, uchovu sugu, na kwamba yeye mwenyewe ndiye anayekokotoa matokeo ya utafiti wa Daktari Bingwa pale hospitalini. Wanaofuata mazoezi ya Bingwa, kila siku wakiongeza kidogo, sita katika kila kumi wanapona.

"Nilikuwemo," alisema refa.

"Kwenye utafiti?"

"Humohumo. Sikumaliza."

Hapo mtakwimu alipaswa kunyamaza. Hakunyamaza. "Basi hukujitahidi vya kutosha, mpenzi wangu. Ungevumilia kidogo tu."

Refa aliondoa kitambaa machoni, akamtazama kwa namna mtu anavyotazama mdudu kwenye chakula alichokwisha kula nusu. "Kadi nyekundu," alisema polepole, akageukia ukutani.

Dada mtu alimsindikiza mgeni hadi mlangoni. "Nilikwisha kuzoea kukuita wifi," alimwambia. "Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nenda salama."

Yapo mambo katika kazi ya takwimu yanayohitaji kuelezwa. Kanuni ya utafiti ule ilimkataza mchambuzi kujuana na washiriki, ili moyo wake usiegemeze mizani. Mtakwimu aliipenda kanuni hiyo. Kwake washiriki walikuwa namba safi, zisizonuka. Kwa sababu hiyo hakuwahi kupanda ghorofa ya tatu, mahali walipopimwa. Lakini tazamo lile la refa lilimfuata mpaka kazini, na siku kundi la mwisho lilipoitwa kupimwa, alishuka akasimama kwenye ngazi zilezile. Lifti ilikuwa bado mbovu. Fundi hakuwepo tena. Ilibaki miguu ya meza iliyoegeshwa kuziba mlango.

Mwanamke mmoja mwenye mtandio wa njano alikuwa akipanda. Alifika kwenye kituo cha katikati, akaketi sakafuni, midomo imekuwa myeupe. Sauti ikashuka kutoka juu: "Wa mwisho yuko wapi? Anakuja au haji?"

Mtakwimu aliganda. Ilikuwa sauti ileile, na maneno yaleyale.

Mwanamke wa mtandio aliinua mkono ambao aliyekuwa juu asingeweza kuuona. Kisha akaanza kurudi chini kwa makalio, ngazi baada ya ngazi, kama mtoto anayejifunza kutambaa. Mtakwimu alimsaidia hadi kwenye benchi, ndipo akapanda mwenyewe.

Juu kulikuwa na chumba cheupe chenye tangazo kubwa: HAPA HATUSEMI TUMECHOKA, TUNASEMA TUMEJITUMA. Chini yake muuguzi alikuwa akimhoji mshiriki aliyefanikiwa kufika. Alimuuliza kama wiki ile alijisikia kuchoka. Mshiriki alifungua mdomo, akatazama tangazo, akaufunga.

"Nimejituma," alijibu.

"Vizuri sana. Kumbe hujachoka," alisema muuguzi, akajaza sifuri.

Mtakwimu alikimbilia sinki, akatapika. Neno alilolisifu kwa rafiki zake kumbe lilipigiliwa hapa, kama msumari. Nao waliobaki ngazini waliandikiwa kuwa hawakufika, na kwa mpango ambao yeye mwenyewe aliukubali, asiyefika alifutwa kabla ya kugawanya. Mwalimu akiwatahini wale tu waliofika darasani, kisha akatangaza kuwa kijiji kizima kinajua kusoma, tutamwita mwongo. Hapa aliitwa Bingwa. Na kulikuwa na jambo moja zaidi lililomfanya ashike ukingo wa sinki: siku aliyompenda refa ndiyo siku aliyomfuta.

Alikwenda moja kwa moja kwa Daktari Bingwa. Alimkuta akichokonoa meno kwa ncha ya kibanio cha karatasi, chumba kikinuka manukato makali kama ya kufunikia kitu. Bingwa alimsikiliza, akafuta kibanio kwenye jalada la ripoti. Alisema wasiofika hawana takwimu. Alisema wagonjwa wa namna hii huupenda ugonjwa wao, na kuwahurumia ni kuwalisha. Ijumaa wakuu wa zahanati zote wangekuja kuipokea ripoti, na kuanzia hapo kila mgonjwa wa aina hii angepelekwa mazoezini, atake asitake.

"Na nisisikie, binti yangu, kwamba kuna mshiriki unayemjua," aliongeza, akitabasamu. "Hapo itakuwa si takwimu tena. Itakuwa mapenzi."

Mtakwimu alirudi kwenye meza yake. Aliwarudisha wote waliofutwa, akakokotoa upya. Kisha akapiga simu. Alipokea dada mtu.

"Amelala," alisema mkutubi.

"Wifi, tafadhali."

"Wifi yako nani?" Lakini zikasikika nyayo, na pazia, na pumzi ya mtu.

"Refa," aliita mtakwimu.

"Naam."

"Siku ile ngazini, muuguzi alikuwa anakuita wewe."

"Ndiyo."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unacheka. Nilitaka uendelee."

Mtakwimu aliziba kipaza sauti kwa kiganja mpaka alipoweza kusema tena. Alimwambia alichokiona juu na alichokiona chini. Alimwambia kuwa alimkosea mara mbili, mara moja kwa namba na mara moja kwa ulimi, na kwamba ya ulimi inamtia kinyaa zaidi. Kisha akamuuliza swali alilopaswa kumuuliza tangu mwanzo. "Umechoka?"

"Nimeji..." Refa alikoma. Pumzi ikapanda, ikashuka. "Nimechoka, mpenzi. Nimechoka sana."

"Asante."

"Unanishukuru kwa kuchoka?"

"Kwa kuniambia. Sasa ile kadi nyekundu."

"Refa hafuti kadi."

"Basi nakata rufaa. Nioe."

Kwa nyuma mkutubi alisikika akiuliza kuna nini. "Utaolewa na mtu aliyelala?" aliuliza refa.

"Nitaolewa na wewe. Ukilala, nitalala. Ukikaa, tutakaa."

"Bingwa atasema hesabu zako ni mapenzi."

"Acha aseme. Hesabu zitajitetea zenyewe. Mimi ndiye ninayehitaji mwenzi."

Ijumaa, katika ukumbi wa mikutano, walikuwepo: Daktari Bingwa, katika suti ya kijivu, wakuu wa zahanati, muuguzi wa ghorofa ya tatu, karani, ambaye safari hii aliinua uso, na mtakwimu, katika gauni la kijani. Ilipofika zamu yake hakusoma ripoti. Alieleza habari ya ngazi na habari ya tangazo, kwa sauti ya mtu anayefundisha kugawanya. Alionyesha kuwa ukiwahesabu wote walioanza, waliopona hawazidi wawili katika kila kumi, sawasawa na wale wa kundi la kulinganishia, waliobaki nyumbani bila zoezi lolote. Mkuu mmoja wa zahanati alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Bingwa hakukasirika. Alitabasamu tabasamu lake lenye mafuta. "Hebu tuambie, binti yangu. Ni nani aliyekuonyesha njia ya ngazi hizo?"

Mtakwimu alijua kuwa angeweza kudanganya, na kwamba uongo ungezilinda hesabu zake kwa wiki moja. Aliutazama ukumbi mzima.

"Mchumba wangu," alisema. "Yumo katika utafiti huu. Mliandika hakufika, nilikuwa nimekaa naye ngazini. Kanuni imevunjika, na aliyeivunja ni mimi, kwa hiyo kuanzia sasa najitoa. Hesabu mpeni mtu asiyemjua mgonjwa hata mmoja, azirudie. Sharti langu ni moja tu, asimfute mtu. Harusi yetu itakuwa mwezi ujao, ghorofa ya chini. Nyote mmealikwa, na atakayeshindwa kufika, tutamhesabu."